Gunvor Åsbrink na Kava la Mwisho la Mlango

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, mmimine kahawa kama bado ipo. Leo tunamkumbuka Gunvor Åsbrink, fundi wa viti na mapambo ya ndani ya magari hapa mjini kwetu Arvika, Uswidi. Gunvor Åsbrink alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Wengi mlimjua kwa mikono yake. Mimi nilimjua kwa ulimi wake. Nilimpelekea kiti cha gari langu kimepasuka, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama huwa ninakikalia au ninapigana nacho.

Kazi iliyompa jina ilikuwa moja. Yale magari yetu ya mwaka 1957, yenye mgongo wa mviringo, yalikuwa yameishiwa makava ya ndani ya milango. Ya zamani yaliozeshwa na unyevu, na michoro yake haikupatikana tena. Wenye magari walimpigia simu toka Kiruna kaskazini hadi Malmö kusini. Gunvor hakuwa na kielelezo cha kuiga.

Kava zima alilolijua lilikuwa moja tu. Lilikuwa kwenye gari la marehemu baba yao, na gari hilo alilirithi mdogo wake, Torvald. Kava la buluu, lenye mistari ya mawimbi, na kovu la sigara ya baba karibu na kishikio.

Gunvor aliliazima kwa wiki moja, alipime na kulichora. Torvald alikubali kwa sharti.

"Dada, macho yako na rula yako," alimwambia. "Kisu hapana."

Gunvor aliahidi.

Binti yake, Ylva, alikuwapo karakanani siku ya nne. Anasema mama yake alilizunguka lile kava asubuhi nzima. Vipimo vya nje alikuwa navyo vyote. Lakini yale mawimbi yaligandamizwa kwa joto juu ya pamba na kadibodi, na bila kuona tabaka za ndani, kila alilojaribu lilitoka limesinyaa. Ylva alimkumbusha ahadi. Gunvor akamtuma dukani akalete uzi. Aliporudi, kava lilikuwa mezani, vipande vipande.

Jumapili Gunvor alimpelekea Torvald kava jipya. Torvald alipitisha kidole karibu na kishikio, akitafuta kovu la sigara. Halikuwepo. Gunvor hakudanganya, alisema alichofanya. Torvald akaingia ndani, akafunga mlango.

Miaka tisa hawakusemezana. Miaka tisa, wasikilizaji wapendwa, na kati ya nyumba zao ni dakika kumi kwa baiskeli.

Katika miaka hiyo tisa, magari arobaini na matatu yalipata makava kutoka mikononi mwa Gunvor. Kwenye mikutano ya wapenzi wa magari ya zamani watu walimsifu. Ylva anasema mama yake akisifiwa alianza kutafuta koti lake aondoke. Kila Krismasi alimwandikia mdogo wake barua. Kila Januari barua ilirudi haijafunguliwa.

Februari mwaka huu mapafu yalimlaza hospitali. Ylva alikwenda kwa mjomba wake. Hakumbembeleza, alimtajia wodi tu. Torvald alifika siku ya tatu, kofia mkononi.

"Sijakusamehe," alisema. "Ila nimekuja."

"Basi kaa, mdogo wangu," Gunvor akamjibu. "Viti vyao vibaya, lakini kaa."

Alikaa siku mbili. Ylva anasema hawakuzungumza mengi. Jumanne mchana Gunvor akakata roho.

Jana nilimpigia Torvald. Akaniomba niyaseme haya hewani: "Dada yangu alikosea asubuhi moja. Mimi nimekosea miaka tisa. Sasa nitamwambia nani?"

Ylva, Torvald, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Mazishi ni Ijumaa, saa tano asubuhi.

Nawe unayenisikiliza, huenda kuna mtu usiyesemezana naye. Sikuambii umsamehe leo. Torvald hakuwa amesamehe. Alikwenda tu, akavuta kiti.