Heri ya Mwana wa Lucia

Fungeni mlango na redio izimwe, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Tluway, kaa. Nimesema kaa! Na wewe Bonaventura, uliyepanda kwa miguu kutoka Yaeda Chini ukidhani nimekuitia ng'ombe mgonjwa, sogea hapa kitandani, mwana wa Lucia, usisimame mlangoni kama mdai.

Mwanangu huyu alizaliwa mvua iliporudi baada ya njaa ya sabini na nne, tukamwita Tluway, yaani mvua kwa Kiiraqw chetu, na bibi yake akatoka uani akalowa makusudi. Mwezi uleule jirani yetu Lucia, aliyekwisha kuzika watoto wawili, akajifungua wa tatu, padre akambatiza Bonaventura, akamweleza mama kwamba jina hilo kwa Kilatini ni heri inayokuja. Mama wa watu akalikariri njia nzima kutoka kanisani, asije akaliangusha. Jina si kamba ya ndama, useme hii ikikatika nitasokota nyingine. Jina ni namna ulivyopokelewa duniani.

Sasa, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwishoni mwa mwaka wa tisini, mimi nikiwa mwalimu mkuu, barua ya kuitwa kidato cha kwanza ilikuja moja tu, ya Bonaventura Sulle. Tluway alifeli. Lucia akaja ofisini, akanipa shikamoo amepiga magoti, nikaitika marahaba, nikamwambia, mwanao kafeli, mama, mpeleke kwa wajomba akachunge. Barua nikampa mwanangu, nikamfundisha kuitika jina la mwenzake kama anavyofundishwa mbwa.

Ndiyo, Bonaventura. Ulifaulu. Nipige ukitaka.

Tluway, usinitolee macho na hiyo “Baba, this is blackmail” yako, eti nakushurutisha kwa siri. Kiingereza hicho nilikiiba mimi. Digrii ulipata, kazi hukupata, soko huria halikukuona, ukakaa hapa barazani miaka mitatu ukitukana mawaziri, eti nchi imekuibia. Nchi! Aliyeibiwa alikuwa bondeni anachunga ng'ombe wa watu. Leo mkoa mpya umezaliwa, Babati wanaita watu kwenye usaili Jumatatu, nawe umeshapiga pasi suruali. Wamemwita Bonaventura Sulle. Hawajakuita wewe.

Basi shikeni neno langu. Shamba la vitunguu saumu la Dongobesh ni la Bonaventura, na najua jina halifidiwi kwa shamba. Nyumba na ng'ombe ni vya Tluway. Jumatatu mtakwenda Babati wote wawili, na wewe Tluway utasema mbele ya meza yao kwamba wewe ni nani na huyu ni nani. Watakufukuza, ndiyo. Wakikufunga, utafungwa ukiwa mwanangu. Ukikataa, slufay yangu, baraka ya wazee wetu, isikuguse, wala usitupe udongo kaburini kwangu.

Maji... hapana, acheni, hayapiti.

Tluway, anza hapa hapa. Mwite. Kwa jina lake, kwa kinywa chako. Naona midomo tu, sauti... sogea... Mungu awape mvua ya kiasi, awape watoto, na kila mtoto aitwe alivyopokelewa... Mwite, baba, usiogope...

Bonaventura, akikuita, itika. Hata kama mimi sitasikia... wewe itika.