Mwalimu Tayari na Kilo Mbili za Mchanga

Jumapili, tarehe tisa Machi, saa tatu kasorobo asubuhi. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na upepo haukuwapo. Saa hiyo, wasikilizaji wapendwa, katika wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani, alifariki dunia mwalimu wa michezo aliyeitumikia shule moja ya bweni kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Wanafunzi walimwita Mwalimu Tayari. Kando yake alikuwapo mkewe, na alikuwapo fundi viatu wa shule, ambaye wote tulimwita Sindano. Kumbukumbu hii ni ya Mwalimu, lakini haisimuliki bila fundi huyo.

Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi jioni, wawili hao walisimama ukumbini, hatua nne kati yao, wakarushiana mpira mzito wa ngozi. Sindano ndiye aliyeushona, akaujaza mchanga. Uzito wake kilo tano. Wanafunzi walitazama kwanza, ndipo wakaruhusiwa kugusa. Miguu ipanuliwe kadiri ya mabega. Magoti yalegee. Mpira uanzie kifuani, usukumwe kwa mwili mzima, si kwa mikono mitupu. Anayepokea aoneshe viganja na aseme, "Tayari." Asiposema, mpira haurushwi, hata awe mkuu wa shule.

"Na ukichoka, sema," Mwalimu alizoea kuwaambia. "Mwenzako hana macho ndani ya mabega yako. Ukimdanganya kuhusu nguvu, au yeye akikudanganya kuhusu uzito, mmoja wenu ataumia."

Miaka thelathini na moja, hakuna mwanafunzi aliyevunjika hata kidole.

Septemba iliyopita mikono ya Mwalimu ilianza kupungua. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa misuli, na kwamba hauna dawa. Mkewe alimsimulia Sindano mlangoni mwa karakana.

"Shemeji, mikono inaisha kama sabuni. Naiona, na sina la kufanya."

Sindano naye hakuwa na la kufanya. Yeye ni mtu wa uzi na ngozi. Kiatu kikipasuka, hushona. Sasa rafiki yake alikuwa akipasuka mbele ya macho yake, na hapakuwa na mahali pa kupitisha uzi.

Jumanne moja ya Oktoba, mpira ulimponyoka Mwalimu mara mbili. Wanafunzi wakatazama sakafu. Mwalimu akacheka. "Bwana Sindano, leo unarusha kwa hasira. Shemeji kakunyima chakula?" Sindano akacheka pia. Jioni ile ile aliufumua mshono, akachota kopo moja la mchanga, akajaza pamba, akashona tena.

Baada ya wiki mbili akachota tena. Kisha tena. Ilipofika mwisho wa Januari, mpira ule haukutimiza kilo tatu. Sindano aliurusha huku akiguna, ili uonekane mzito.

Mwalimu hakuponyokwa tena. Nyumbani alijigamba. "Madaktari wana haraka. Mimi bado nadaka kilo tano." Mkewe alikwenda karakana kulisema hilo, akilia kwa furaha. Sindano alimsikiliza, akaendelea kupaka gundi kwenye soli. 

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hakuficha. Alifichwa.

Ijumaa, tarehe saba Februari, Sindano alichelewa dakika kumi. Mpira wao wa kila siku alikuwa nao yeye, na Mwalimu hakupenda kungoja. Alifungua stoo, akautoa kwa mguu mpira mwingine wa kilo tano, akamwita mwalimu msaidizi, akamviringishia. Sindano alifika mlangoni msaidizi akiurusha juu kidogo na kuudaka, na mshindo wake viganjani ukamwambia kila kitu. Ulikuwa mshindo wa mchanga mtupu. Alifungua kinywa. Lakini Mwalimu alikwisha kuonesha viganja. Alikwisha kusema, "Tayari."

Msaidizi hakukosea. Alirusha kama alivyofundishwa. Mpira ulipita katikati ya mikono ya Mwalimu, ukampiga kifuani, akaanguka chali. Nyonga ikavunjika. Hakusimama tena.

Siku ya nne, pale wodini, Sindano aliungama.

"Ulitoa kiasi gani?" Mwalimu aliuliza.

"Kilo mbili na ushei."

"Nami nilikuwa nikijigamba, nawe ukisikia?"

"Nikisikia."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Nilitaka usiaibike mbele ya wanafunzi."

"Aibu ningeibeba," alisema Mwalimu. "Mpira ndio ulionishinda."

Sindano akaomba msamaha. Mwalimu aliugeuzia uso ukutani, kwa kuwa hakuweza kugeuza kingine.

"Msamaha sina. Nakudai. Nenda ukawaambie wanafunzi ulichofanya, wasije wakakuiga."

Sindano hakwenda. Wiki ya kwanza hakwenda. Ya pili na ya tatu hakwenda. Alikuja wodini kila jioni, akamlisha supu kwa kijiko. "Ngoja kwanza niseme tayari," Mwalimu alimwambia siku moja, kidevu kikichuruzika. "Miaka yote hiyo hujajifunza tu?" Mkewe alicheka hadi akatoka nje, na huko nje hakuwa anacheka tena. Na kila jioni Mwalimu aliuliza, "Umewaambia?" Sindano alitazama kijiko.

Kisha pumzi ikafuata njia ya mikono. Jumamosi jioni Mwalimu hakuuliza. Hakuwa na pumzi ya kuulizia.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole mama mjane, watoto wake, walimu wenzake, na sisi sote tuliopita mikononi mwake. Nawe utakayesimama kesho mbele ya mwenzako, mpira kifuani, tafakari: je, anajua uzito wake? Mwambie, hata kama utamuumiza moyo. Moyo ulioumia unaweza kujipanga. Mkono uliodanganywa hauwezi.

Jana, Jumatatu, saa mbili asubuhi, Sindano alisimama mbele ya wanafunzi mia nne akiwa na aproni yake ya kazi. "Nilitoa mchanga kwenye mpira," alisema. "Nilimdanganya mwenzangu kuhusu uzito. Akaumia."

Mwanafunzi mmoja wa safu ya mbele akauliza kama Mwalimu alimsamehe.

"Hapana," Sindano akajibu. "Alinidai. Nimelipa, wa kupokea hayupo."