Joto la Mizani

Kijiwe chetu kiko Bweri, mbele ya banda la kutengenezea friji la Masanja, pale bodaboda wanapogeuzia. Benchi ni moja, linatosha watu wanne wakibanana, na kahawa ni ya Euphrasia. Mimi Thadeo wananiita Katibu. Masanja ni Friji, hilo halihitaji maelezo. Mwandu, aliyestaafu kuogesha ng'ombe kule Mugeta, ni Josho. Evance mvuvi anakalia kreti la soda, naye tunamwita Kokoro, kwa sababu mdomo wake ni kama lile kokoro la kuvulia, unazoa wakubwa kwa wadogo. Wa nne benchini ni Clementi, tunayemwita Mizani maana alipima pamba ya watu Bunda mpaka mgongo ukapinda. Ni mgane, anaishi peke yake nyumba ya pili kutoka kona. Juzi jioni aliondoka hapa kwa miguu yake mwenyewe. Jana alfajiri jirani alimkuta kalala sakafuni, akampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Leo ni saa nane mchana, nafasi yake iko wazi, na sisi tumekaa tunaongea, kazi tunayoiweza.

Euphrasia: Nimempigia yule jirani. Wanasema ni moyo. Na sasa hivi joto limepanda, thelathini na nane na nusu.

Josho: Basi hiyo joto ni ya malaria. Moyo wanausingizia tu.

Euphrasia: Wamepima malaria, hana. Daktari kasema kuna mshipa uliziba, kipande cha moyo kikakosa damu kikafa. Sasa mwili unahangaika na kile kidonda cha ndani, ndiyo maana anachemka. Eti moyo ukiumia sana, na joto linapandaga sana.

Friji: Hapo daktari kaongea kifundi! Kompresa ikiziba bomba, inachemka, ukiigusa unababuka. Sasa unafanyaje? Unazima, inapoa, unawasha tena.

Josho: Unazima moyo wa mtu?

Friji: Kidogo tu.

Euphrasia: Friji yangu uliizima kidogo. Huu mwaka wa pili.

Friji: Yako ilikuwa na uzee. Nasema hivi, dawa ni barafu. Hapo ndani nina friza la samaki, mwenyewe hajalifuata. Wamlete Mizani, tumlaze humo, mfuniko tunaacha wazi.

Josho: Utaua mtu na mfuniko wako. Mie nilikuwaga naogesha ng'ombe mia tatu kwa siku. Ng'ombe akiwa na joto unamjulia masikio. Ukishika, ya moto, unamchanja kidogo pale kwenye sikio, damu mbaya inatoka, kesho yake anapanda majike. Mizani angechanjwa sikio tangu jana, tungekuwa naye hapa.

Kokoro: Anapanda majike?

Josho: Anakunywa kahawa. Na hiyo joto msiiogope, wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.

Kokoro: Nyie wa nchi kavu mnajua nini? Muangalieni yule samaki kamongo. Ziwa likirudi nyuma anajichimbia kwenye tope, anakaa miezi, mwili wa baridi, moyo unapiga leo mara moja, kesho mara moja. Mvua ikinyesha anatoka mzima, tena anataka kukung'ata kidole. Mimi ningekuwa daktari, Mizani ningemfukia kwenye tope pale ufukweni, kichwa nje, mpaka masika. Haraka haraka haina baraka, na moyo ni hivyo hivyo.

Euphrasia: Mtu wa watu umfukie kwenye tope!

Kokoro: Kichwa nje, mama. Nimesema kichwa nje.

Tulicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Ukicheka kijiweni unajiona uko na watu. Kicheko kilipoisha, kila mmoja alitazama kikombe chake.

Euphrasia: Kuona wagonjwa ni saa kumi. Nani anaenda?

Friji: Mimi nina mteja.

Kokoro: Mimi hospitali inanitoaga jasho.

Josho: Ningeenda, ila huu mguu tangu asubuhi unanivuta.

Kokoro: Faini! Katibu, umesikia? Kataja ugonjwa. Inuka umimine!

Hiyo ni sheria yetu. Mwaka jana tulijikuta kila siku ni habari za presha, kibofu na magoti, kijiwe kimegeuka zahanati. Tukakubaliana kwamba atakayelalamika ugonjwa hapa anainuka, anachukua birika, anawamiminia wote kahawa. Iliandikwa na mimi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa Friji, na tangu hapo mtu akijisikia vibaya anakaa nayo moyoni. Josho aliinuka, akachechemea, akamimina kwa Friji, akamimina kwangu. Alipofika kwenye ile nafasi tupu akasimama, birika mkononi.

Josho: Juzi alimimina nani?

Friji: Juzi? Mizani.

Josho: Kwani alitaja nini?

Friji: Hakutaja kitu. Aliinuka tu akamimina.

Josho: Sasa kama hakutaja kitu, alimimina kwa nini?

Bodaboda ilipita na magunia mawili ya mkaa, tukaitazama mpaka ikapotea.

Friji: Mimi nilidhani ni upendo.

Kokoro: Mimi nilimwambia aongeze. Nikamwambia, Mizani, kwangu umepunja, ongeza. Akarudi akaongeza.

Euphrasia: Mungu wangu. Alikuwa anatuambia.

Juzi nilikaa naye bega kwa bega. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, maana jioni nilikuwa na sala ya jumuiya. Alipomaliza kumimina akarudi kukaa, mkono wake ukagusa wangu, ulikuwa wa baridi na umelowa kama wa mtu aliyetoka kufua. Nilimtazama uso, naye akanitazama. Nilifikiri, huyu atanichafulia shati. Nikasogea. Basi, hicho ndicho nilichofanya, nilisogea, kisha nikaendelea kubishana na Friji habari za mpira.

Nilikuwa bado nalimeza hilo ilipofika bodaboda ikiwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, begi la safari mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Alishuka, akamwambia dereva amsubiri.

— Shikamooni, baba zangu. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanetu, tuliitikia.

— Mimi Wankyo, wa mzee Clementi. Nilifika jana jioni kutoka Butiama. Sasa hivi natoka hospitali.

Nilijua Mizani ana binti Butiama. Miaka sita tumekaa naye, na jina la huyo binti sikuwahi kumuuliza.

Euphrasia: Pole, mwanangu. Anaendeleaje?

— Wamemwekea hewa. Joto halijashuka. Daktari anataka kumpeleka Mwanza leo hii, anaandika barua. Kuna kitu kimoja kimemshinda kujaza, ndiyo maana nimekuja mbio.

Josho: Uliza, mwanetu. Uliza chochote.

— Anataka kujua maumivu yalianza saa ngapi. Anasema moyo ukikosa damu, kila saa inayopita kipande kingine kinakufa, na wale wa Mwanza kitu cha kwanza watakachouliza ni hicho. Baba mwenyewe hawezi kuongea. Jirani kaniambia juzi alishinda hapa na nyie.

Alitoa kalamu, akafungua kiganja tayari kuandika. Tulitazama kile kiganja.

Kokoro: Alianza... mbona alikuwa vizuri tu?

Friji: Alimimina kahawa. Ilikuwa saa tisa hivi.

Kokoro: Saa tisa mimi nilikuwa sijafika. Ilikuwa kumi na moja.

Josho: Alimimina mara moja au mara mbili?

Euphrasia: Mimi nilikuwa nimeinamia mkaa.

— Kwani hakusema anaumwa?

Hakuna aliyemwambia habari ya sheria yetu. Iko ukutani, nyuma ya mgongo wake, mwandiko wangu, na niliomba asigeuke.

— Nani alikuwa amekaa karibu naye?

Wote walinigeukia mimi.

Nikamwambia. Nilimwambia mkono ulikuwa wa baridi, ulikuwa na jasho, nikasogea. Sikumwambia habari ya shati. Nilitegemea angenitukana, na kusema kweli ningeshukuru, maana ukitukanwa walau mtu anakuwa amekuona. Hakunitukana. Alisogea karibu kidogo, kalamu ikagusa kiganja.

— Ulisogea saa ngapi, baba?

Nilitafuta. Nilijitahidi kukumbuka jua lilikuwa wapi, watoto wa shule walikuwa wamepita au bado, Euphrasia alikuwa kwenye birika la ngapi. Niliikumbuka timu tuliyokuwa tunaibishania, na mfungaji, na dakika aliyofunga.

— Sijui, mwanangu.

Alisubiri kidogo, kama mtu anayewapa wazee nafasi ya pili. Dereva akapiga honi. Wankyo akafunga kalamu, akaiweka mfukoni.

— Basi nitamwambia daktari hakukuwa na mtu naye.

Hakulisema kwa ubaya. Akasema asanteni, baba zangu, akapanda bodaboda, wakaondoka.