Msinizike Penye Mawe Mekundu

Sogeeni wanangu, Machano kaa huku penye sikio linalosikia, na wewe Badria acha kulia, maana bado sijafa, na machozi ukiyamaliza leo kesho utalia na nini. Nyumba hii ya Mtoni na minazi ya Uroa ni mirathi, kadhi atawagawia, msigombane.

Linaloniweka macho ni kaburi langu. Nimesikia, Machano, umeshapiga simu Uroa wanichimbie ubavuni mwa baba yenu, kule kwenye uwanja wa shabaha waliouacha askari wa zamani, ati kwa kuwa watu wa mabomu wameshapakagua. Mwanangu, kukagua si kusafisha. Wamepita na mashine zao, wakasikia chuma ardhini, wakapanga mawe mekundu, wakaondoka, kitu hawajatoa. Bi Faiza, mkubwa wao, alitufundisha wanawake wa kijiji maneno yao, nasi tukayashika kwa mfano wetu: pakikaguliwa, pameposwa, pakisafishwa, ndoa imepita, na siku watakapotukabidhi mbele ya sheha, ndipo bibi harusi katolewa nje kila mtu amwone. Sasa wewe wataka kuingia chumbani na posa tu?

Msidhani ni woga wa kizee. Mnaukumbuka ule mchi wa chuma niliopigia makumbi, nikasokota kamba zilizowalisha? Baba yenu aliuokota huko huko, na sote tukauita chuma kifu, kwa kuwa ulikuwa na kutu na haukumdhuru mtu. Siku moja niko pwani nnapiga makumbi yangu, akaja binti wa watu, ndiye huyo Faiza, akasimama mbali, salamu hakunipa, akasema, "Bibi, kiweke chini taratibu, uje huku." Nikamsuta, nikamuuliza huko mjini kwao watu hawaamkiani? Akanipa shikamoo, sauti inamtetemeka, nami nikaitikia marahaba nimekipakata kile chuma kama mtoto. Alasiri ile wakakilipua, mabati yakalia kijiji kizima. Faiza akanambia, "Kile hakikuwa kifu, bibi. Lilikuwa kombora ambalo halijalipuka. Liite hivyo hata likiota kutu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na jirani yetu wa Uroa, Mbarouk, tuliyenuniana naye kwa kuyang'oa yale mawe mekundu akajengea banda la mbuzi, mwambieni nshamsamehe. Lakini ayarudishe, na Faiza ndiye amwoneshe pa kuyaweka, maana sasa hakuna ajuaye hatari inaanzia wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pale guu ndilo dogo.

Baba yenu tulimzika kabla hatujajua. Naumia, siwafichi, tangu afe nnalala ubavu wa ukuta, nafasi yake nimemwachia. Ila sitaki mtoto wa mtu atie jembe pale ili mimi nilale na mume wangu. Nizikeni Mwanakwerekwe, makaburini huku mjini, na majirani nisiowajua. Nitawazoea.

Badria, nipe maji... Bas, mwanangu, yanatosha.

Machano, ipige hiyo simu sasa, niisikie kwa sikio langu. Waambie wasichimbe... Ehe. Waambie tena, wale ni wabishi... Haya. Nimesikia. Moyo umetua.

Radhi zangu nyote mnazo, za maziwa na za mgongo. Mungu awape riziki ya halali na watoto wenye adabu, na wewe Machano akupe subira, maana hiyo... hukuirithi kwangu.

Mkishakabidhiwa pahala pale, wala si kabla, nendeni mkamsomee baba yenu Yasini. Yule kila harusi alinisubiri mlangoni, kanzu imeshapigwa pasi, na hata siku moja hakununa. Akiuliza mbona sikuja... mwambieni nnakuja. Mwambieni... bado nnatafuta buibui.