Priska Ndahani, Mchoraji wa Picha za Kuguswa

Marehemu Priska Ndahani alizaliwa Hombolo, Dodoma, tarehe 3 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa Mzee Petro Ndahani na Mama Anna. Priska alipokuwa na miaka minane, mama yake alipofuka kwa ugonjwa wa vikope.

Alisoma shule ya msingi Hombolo, 1972 hadi 1978, kisha sekondari mjini Dodoma, na kuhitimu ualimu mwaka 1984. Alifundisha shule za msingi hadi 2019, akiishi mtaa wa Makole, mjini Dodoma. Baada ya vipindi alichora.

Picha yake ya kwanza kusifiwa, ya ng'ombe kisimani, aliipeleka Hombolo mwaka 1986. Mama aliipapasa, akasema, "Hapa hapana kitu, mwanangu. Ni kama ubao." Priska alilia njia nzima ya kurudi. Hakushika brashi kwa miaka miwili.

Tarehe 14 Mei 1988 alifunga ndoa na Luka Mwaluko, fundi wa kupiga lipu, katika Kanisa la Anglikana, Hombolo. Kwa kumtazama mumewe akichekecha mchanga, alipata wazo la kuuchanganya na rangi. Alichora ng'ombe wale upya. Safari hii mama alipapasa taratibu, akacheka. "Mbona ng'ombe wako wamekonda hivi? Huko Makole hamna majani?"

Waliomuuliza aliiga mtindo wa nani aliwajibu, "Vidole vya mama." Kwenye maonyesho yake aliondoa vibao vya kukataza kugusa.

Mama alifariki mwaka 2011, na Priska hakujua tena anamchorea nani. Aliendelea hata hivyo. Alisema huzuni haikumpa rangi mpya, ilimfanya tu achore bila haraka.

Kisukari, kilichogunduliwa 2017, kilimtia ganzi vidoleni. Agosti mwaka huu alimwomba mumewe apapase picha yake ya mwisho.

"Baba Abeli, unaona nini?"

"Mlima."

"Mlima! Huo ni mgongo wa mama akikandika ukuta."

Mzee Luka aliomba radhi. Priska akasema, "Wacha uwe mlima. Mikono yako ndiyo inayoona sasa."

Alifariki hospitalini Dodoma, Alhamisi, 9 Oktoba 2025, baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Ameacha mume, watoto wawili, Abeli na Erica, wajukuu wanne, na mdogo wake, Thomas.

Picha hiyo ya mwisho iko kando ya jeneza. Atakayepita kuaga na aiguse, aone atakachoona yeye.

Mungu aipumzishe mikono yake kwa amani.