Majina ya Mashine ya Kukunja Barua

Pale Manyoni, jirani na stesheni, mama Redempta muuza kahawa alikuwa na benchi, na benchi lile lilikuwa na sheria yake: mwenye kazi hunywa amesimama, maana anarudi kazini, aliyepunguzwa kazini hukaa, maana arudi wapi. Tangu mashirika ya umma yaanze kuuzwa, benchi lilijaa mpaka likaongezewa gogo. Isaka, karani wa masjala katika chama cha ushirika, alikuwa bado anasimama, na alijivunia kusimama huko kuliko alivyotaka watu wajue. Asubuhi hiyo alikuja na habari. Ofisi imeletewa mashine ya kukunja barua na kuzitia kwenye bahasha, vitufe vyake vyote Kijerumani, na meneja amesema atakayempatia majina ya Kiswahili ya kubandika juu yake atakumbukwa.

— Inaanzaje? aliuliza kutoka benchini Philipo, aliyeitwa Stimu kwa kuwa aliwahi kuendesha treni.

— Inavuta karatasi moja moja.

— Andika kuvuta mabehewa.

— Andika kumeza, alisema Christopher, aliyekaa kando yake, ambaye hakuwahi kusomea sheria ila kila ubishi aliukatia hukumu, wakamwita Hakimu.

Isaka akaandika kumeza.

— Halafu inakunja mara mbili, zinatoka sehemu tatu.

— Samaki mkunje angali mbichi, Stimu alisema kwa uchungu. Enzi za Ujamaa karatasi tuliikunja katikati, nusu kwa nusu. Sasa ni soko huria. Sehemu ya juu ya mwekezaji, ya chini ya meneja.

— Na ya katikati?

— Ya katikati ndiyo wewe. Umefunikwa.

Hakimu aliamua iitwe kunjo la mkeka. Kutia barua kwenye bahasha wakakuita kushindilia, kama gunia la alizeti. Ikabaki gundi.

— Hiyo nayo unailamba wewe? aliuliza Stimu.

— Inailamba yenyewe.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Hakimu, na hakuna aliyethubutu kuuliza methali hiyo imeingiaje. Alieleza kwamba kinacholamba kina ulimi, na chenye ulimi lazima kitasema. Mwakani mashine itajibu barua kabla hazijaandikwa, na mkutano mkuu itauhutubia yenyewe, wajumbe wapige makofi.

Isaka aliyasoma majina yake kwa sauti: kumeza, kunjo la mkeka, kushindilia, kulamba, na la mwisho aliloliongeza mwenyewe, kufunga. Hakuna kilichosahaulika. Alifurahi waziwazi.

Pembeni, nje ya benchi, alikaa Alute, mrina asali wa Rungwa aliyekuwa akisubiri treni na ndoo yake miguuni. Aliwaamkia wazee shikamoo kwanza, ndipo akamgeukia Isaka.

— Samahani ndugu yangu. Kazi hizo zilikuwa zikifanywa na nani?

— Na mimi.

— Zote?

— Zote. Miaka kumi na moja.

— Sasa wewe utabaki na ipi?

Isaka aliangalia karatasi yake juu mpaka chini. Mama Redempta aliinamisha birika, likatoa machicha ya kahawa tu.

Kisha Stimu akasogea kidogo, na Hakimu naye akasogea, mpaka kwenye benchi ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.