Virginie Mwape, Aliyefinyanga Watu wa Kamalondo

Ndugu wa kilio, Wakristo wenzetu, majirani wa Kamalondo, mimi ni Léonard Mumba, mdogo wake marehemu, tumbo moja, familia imenipa karatasi hii niisome, na nitaisoma yote, hata pale ambapo wengine wangependa nikohoe na kuruka mstari.

Marehemu Virginie Mwape alizaliwa Lukafu tarehe 3 Mei 1911, mtoto wa kwanza wa mama mfinyanzi wa vyungu, akasoma kwa masista kuanzia 1921 hadi 1923, akajua kusoma, kuandika na kushona, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu mama alihitaji mikono ya kukanda udongo. Alifika hapa Élisabethville mwaka 1928, na tarehe 12 Januari 1929 alifunga ndoa kanisani na Godefroid Kalenga, mfanyakazi wa reli, mtu ambaye sina neno baya juu yake, Mungu akawapa watoto wawili, Émile, aliyefariki akiwa na miezi saba, na Agnès, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1934, ndiye huyu aliyekaa karibu na jeneza.

Kazi yake mnaijua, maana ninyi wenyewe ndio mliofinyangwa. Alichota udongo mtoni Kafubu, akaacha vyungu, akaanza kutengeneza watu, mama anayechuja kinywaji cha munkoyo, kinyozi wa sokoni akimvuta mteja sikio, muuza samaki wa Pweto aliyelala juu ya magunia yake, na wote walikuwa na uwazi ndani, kichwa kikiungwa mwisho, kwa kuwa sanamu iliyojaa udongo hupasuka motoni. Wengine walijiona wakacheka, wengine walinuna wiki nzima.

Godefroid alifariki tarehe 14 Machi 1943, na siku ya tatu ya kilio mdogo wake, Rigobert Kalenga, yule pale kiti cha mbele mwenye koti jeusi, aliingia nyumbani na jamaa zake, wakabeba kitanda, baiskeli, cherehani na sanamu kumi na nne zilizokuwa zimechomwa tayari, akasema, sisi sote tukisikia, "Bintu ya ndugu yangu iko yangu, na mutoto iko wa kwetu, njo desturi." Wakamchukua Agnès, miaka minane, akilia, kiatu kimoja mguuni.

Wazungu walizinunua zile sanamu, wakauliza mfinyanzi ni nani, Rigobert akasema ni yeye. Walipotaka nyingine, mtu huyu asiyejua hata udongo unavyokandwa alirudi kwa dada yangu na sharti moja, sanamu mbili kila mwezi, ndipo atamwona mwanawe Jumapili moja, na mwezi usio na sanamu hauna mtoto. Dada yangu alifinyanga hivyo miaka tisa, hadi Agnès alipoolewa tarehe 7 Juni 1952. Mwezi mmoja aliugua homa, akatoa sanamu moja tu, akanyimwa Jumapili yake, akakaa akafinyanga mama anayemsuka bintiye nywele, na hiyo ndiyo iliyompa Rigobert medali mwaka 1950, na picha gazetini, ameshika udongo kama mtu aliyepewa nyoka. Tangu 1952 hajatoa hata kikombe, anasema macho yamechoka. Macho! Nilimchukia siku ile ya baiskeli, na leo namchukia zaidi, padri atanisamehe.

Marehemu alianza kukohoa Novemba 1956, akalazwa mara tatu, akafariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 1957, saa tisa mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Siku nne kabla alituita mimi na Agnès, akatuambia kwamba ndani ya kila sanamu aliyompa Rigobert, kabla ya kuunga kichwa, aliandika kwa sindano jina lake yeye Virginie na jina la mtu aliyefinyangwa. "Mupasule, mutaona," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomtunza, majirani walioleta unga, kuni na maji, wafinyanzi wenzake, na Mama Mujinga aliyemwosha. Tunamshukuru pia Rigobert, kwa moyo wote, maana asubuhi hii, ili watu waone jinsi fundi mkubwa anavyomheshimu shemeji yake, ameileta mwenyewe sanamu ya medali, akaiweka kichwani pa jeneza pamoja na kadi yenye jina lake. Hukuuliza, Rigobert. Kwetu Lukafu, chombo kilichowekwa kwenye jeneza la mfinyanzi hakirudi nyumbani, kinavunjwa kaburini mbele ya watu wote, na wewe si mtu wa kukataa desturi. Agnès ameshika nyundo, padri amekubali kusoma kwa sauti kitakachoonekana ndani, na kama hamna kitu, mimi nitapiga magoti kwenye vumbi nikuombe msamaha.

Dada yangu, pumzika kwa amani. Rigobert, rudi ukae, makaburini tunakwenda wote.